O2 juu ya meza: saketi iliyoshinda vipimo, kasha lililoelemewa na waya

Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejiita NwAvGuy, ambaye hadi leo hakuwahi kujitambulisha kwa jina lake halisi, alitoa bure mchoro kamili wa amplifaya ndogo ya hedifoni. Aliiita Objective2, wapenzi wa sauti wakaifupisha kuwa O2. Orodha ya vifaa, mpangilio wa ubao wa saketi, thamani ya kila rezista, na vipimo alivyochukua kwa mashine ya Prism Sound dScope Series III, vyote vikawa wazi kwa yeyote anayejua kulehemu. Dai lake alilishikilia kwa ukali: chipu za kawaida, ambazo moja hununuliwa kwa chini ya dola, zikipangwa na mtu anayejua anachofanya zinaweza kutoa sauti safi kiasi kwamba sikio halitaitofautisha na ya mashine ya zaidi ya dola elfu moja. Mashine aliyojilinganisha nayo ilikuwa Benchmark DAC1 Pre, inayoheshimika hata katika studio.

Tathmini nyingi za O2 zimeigawa vipande viwili. Utendaji wake wa umeme husifiwa, kisha kasha lake husamehewa kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba umbo ni jambo la mapambo tu. Mimi naona mgawanyo huo unaficha kiini cha kisa hiki. Usafi wa saketi na usumbufu wa kasha vilizaliwa na uamuzi mmoja: kila kitu kikae kwenye ubao mmoja, kwa bei ndogo, ili mtu yeyote aweze kuijenga na apate matokeo yaleyale. Atakayeitumia mezani kila siku anaishi na pande zote mbili za uamuzi huo, kwa hiyo tathmini ya haki lazima izipime pamoja.

Ndani ya saketi

Ishara inaingia kwenye chipu ya NJM2068, ambayo ndiyo inayoikuza. Kutoka hapo inapita kwenye potenshiometa ya sauti, yaani rezista ya kuzungusha iliyo chini ya nobu, kisha kwenye kapasita zinazozuia umeme wa moja kwa moja (DC), na mwisho inafika kwenye chipu mbili za NJM4556A zenye kazi ya kusukuma mkondo tu, bila kukuza chochote. Kila chipu ya NJM4556A ina nusu mbili, na nusu hizo zimeunganishwa sambamba kupitia rezista za ohm 1, ili kila upande wa hedifoni upate mkondo wa nusu mbili. Kwa chipu ya aina yake NJM4556A ina nguvu: kila nusu inaweza kutoa takriban miliampea 70.

Jambo la kulitazama kwa makini ni mahali pa potenshiometa. Amplifaya nyingi huiweka mwanzoni kabisa, kabla ya ukuzaji. Ukifanya hivyo, kelele ya chipu inayokuza hubaki palepale hata ukishusha sauti, na kelele ya potenshiometa yenyewe hukuzwa pamoja na muziki. NwAvGuy aliiweka baada ya ukuzaji. Unaposhusha sauti kwenye O2, unashusha pia kelele ya hatua ya kwanza, na kinachobaki ni mchango mdogo wa hatua ya mwisho isiyokuza. Anayetumia iafoni nyepesi (zinazolia kwa umeme mdogo tu) za kuingia ndani ya sikio, zile zinazotoa mlio wa "sss" kwenye kompyuta nyingi, huiona faida hii papo hapo. Kati ya wimbo na wimbo panakuwa kimya kweli.

Faida hiyo ina gharama, na gharama hiyo imewafanya watu wengi waituhumu O2 bila haki. Kwa kuwa ukuzaji unatangulia potenshiometa, ishara kubwa inaweza kukatwa vichwa vya mawimbi yake kabla haijafika kwenye nobu ya sauti. Saketi inaendeshwa kwa volti 12 chanya na volti 12 hasi, na kikomo chake cha kutoa ni takriban volti 7 kwa kipimo cha RMS, yaani thamani faafu ya wimbi linalopanda na kushuka. Toleo la kawaida lina ukuzaji wa aina mbili, mara 2.5 na mara 6.5, unaochaguliwa kwa kitufe. Sasa chukua kifaa cha kucheza muziki chenye toleo (ishara inayotoka) la volti 2, kiwango cha kawaida cha mashine za CD na dekoda nyingi za mezani, yaani vifaa vinavyogeuza muziki wa kidijitali kuwa ishara ya umeme. Kwenye mara 2.5 ishara inafika volti 5, na iko salama. Kwenye mara 6.5 inadai volti 13, ambazo hazipo. Mawimbi yanakatwa, sauti inakwaruza, na ukishusha nobu bado inakwaruza, ila kwa sauti ya chini. Msikilizaji hupata sababu zote za kuamini kwamba amplifaya ni mbovu, ilhali kilichohitajika ni kubonyeza kitufe kimoja.

Hesabu ni nyepesi: gawanya 7 kwa ukuzaji. Kwenye 6.5 usiingize zaidi ya volti 1.1 hivi, kwenye 2.5, mwisho ni kama volti 2.8. Ukiiendesha kwa betri volti za ndani hupungua, na hata zile volti 5 za mfano wa juu zinakaribia ukingo. Ndiyo maana watengenezaji kadhaa walikuwa tayari kubadilisha rezista na kuuza O2 yenye ukuzaji mdogo zaidi, ukianzia mara 1 tu. Kwa mtu wa mezani mwenye dekoda ya volti 2, hilo ndilo toleo la kutafuta.

Ohm nusu ina maana gani sikioni

Ukinzani wa toleo la O2, yaani wa njia ambayo ishara hutokea kwenda kwenye hedifoni, ni takriban ohm 0.5. Namba hii hupita haraka katika matangazo ya biashara, nami nataka kukaa nayo kidogo kwa sababu inabadilisha sauti kwa njia inayohesabika.

Iafoni yenye spika ndogo kadhaa ndani yake huwa na ukinzani unaopanda na kushuka kadiri noti zinavyobadilika. Tuseme inashuka hadi ohm 10 kwenye noti fulani na kupanda hadi 40 kwenye nyingine. Iunganishe kwenye toleo lenye ohm 10, na kwenye noti ya kwanza utapoteza desibeli 6, kwenye ya pili chini kidogo ya 2. Hapo mtengenezaji wa iafoni alikusudia sauti moja, nawe unasikia nyingine, yenye tofauti ya desibeli 4 kati ya noti na noti. Ukiiweka kwenye ohm 0.5 tofauti hiyohiyo inashuka hadi desibeli 0.3, kiasi ambacho ni vigumu mno kukisikia.

Hedifoni kubwa huvumilia zaidi. Sennheiser HD 650 ina ohm 300 kwa jina, lakini karibu na mwangwi wake wa besi hupanda hadi kama 500. Kwenye toleo la ohm 120, ambalo viwango vya kimataifa viliwahi kulipendekeza na ambalo bado lipo kwenye baadhi ya mashine, besi huongezeka kwa desibeli moja hivi. Wapo wanaoipenda besi hiyo na kuiita "joto". Hakuna ubaya kuipenda, lakini aliyeipenda ajue kwamba anapenda kosa la umeme, na kwamba angeweza kuipata kwenye programu ya kurekebisha sauti bila kubadilisha amplifaya.

Kuhusu nguvu, vipimo vilivyochapishwa na watengenezaji wake vinasema miliwati 613 kwenye ohm 33, 355 kwenye ohm 150, na 88 kwenye ohm 600. Namba za mwisho huwashtua watu, wakidhani amplifaya inachoka. Ukweli ni kwamba kwenye ohm 150 na 600 volti ni zilezile, juu kidogo ya 7. Hedifoni ya ukinzani mkubwa huvuta mkondo mdogo tu. HD 650 hutoa desibeli 103 kwa volti 1. Ipe volti 7 na unafika karibu 120, kiwango ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu atakaa nacho. Beyerdynamic DT 880 ya ohm 600, yenye desibeli 96 kwa miliwati moja, inafika 115. Hedifoni inayoipa O2 kazi kweli ni kama HiFiMAN HE-6, yenye desibeli 83.5 tu kwa miliwati: hata ukiipa miliwati 600 inaishia 111. Muziki wa okestra uliorekodiwa kwa sauti ya chini ukiacha nafasi ya milipuko unaweza kuufikia mpaka huo. Kwa HE-6 ningetafuta kitu kingine. Kwa takriban kila kingine kinachouzwa madukani, nguvu ya O2 inatosha na kubaki.

Atakayetaka kuhakikisha ukinzani wa toleo la amplifaya yake hahitaji dScope. Multimita nzuri yenye kipimo cha AC (umeme unaogeuka mwelekeo) na rezista ya ohm 33 zinatosha. Cheza mlio wa hezi 400, pima volti bila mzigo, kisha pima tena ukiwa umeunganisha rezista. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, toa 1, zidisha kwa 33. Ukisoma 0.400 na kisha 0.394, jibu ni ohm 0.5. Multimita hiyohiyo ndiyo itakayokuwezesha kulinganisha amplifaya mbili kwa haki, kwa sababu ile iliyo juu kwa nusu desibeli hushinda karibu kila mara katika masikio ya wasikilizaji, nao huieleza kwa maneno kama "ina uhai". Sawazisha volti hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.1, ficha ipi ni ipi, ndipo usikilize.

Umeme wake

Hapa O2 ni tofauti na vifaa vingi vya mezani. Haitumii adapta ya DC. Inataka transfoma ya ukutani inayotoa AC, volti 12 hadi 20, na ndani yake diodi mbili zinachukua nusu ya wimbi kwa upande chanya na nusu nyingine kwa upande hasi. Vidhibiti vya volti vya kawaida kabisa, 7812 na 7912, vinamalizia kazi. Kwa njia hii unapata volti chanya na hasi kutoka kwenye transfoma ndogo ya bei nafuu, na kwa kuwa transfoma hiyo haina waya wa ardhi, mvumo unaosikika vifaa viwili vinapogombania ardhi hupungua.

Mbali na transfoma, ubao una nafasi ya betri mbili za volti 9 za kuchajiwa. Hilo lilileta hatari ambayo wabunifu wengi wa amplifaya za betri waliifumbia macho: betri moja ikiisha au ikichomoka kabla ya mwenzake, toleo linaweza kuegemea upande mmoja na kumimina umeme wa moja kwa moja kwenye hedifoni. NwAvGuy aliweka saketi ya ulinzi yenye kilinganishi cha volti na transista mbili za MOSFET, ambayo huzima pande zote mbili kwa pamoja volti zikishuka kupita kiasi. Saketi hiyo haionekani kwenye grafu yoyote ya sauti, lakini kwangu ndiyo sehemu inayoonyesha zaidi uadilifu wa mbunifu. Mtu aliyetumia mshahara wa mwezi kununua hedifoni analindwa na vipande vichache vya bei rahisi.

Kasha, paneli na waya

Ubao una takriban sentimita 10 kwa 8, na unateleza ndani ya kasha la alumini linalouzwa tayari madukani. Hakuna waya hata mmoja wa ndani. Soketi, swichi, potenshiometa na taa vimelehemiwa moja kwa moja kwenye ukingo wa ubao, vikichungulia kupitia paneli ya mbele. Kwa mjenzi ni neema: hakuna waya wa kukosea, na O2 iliyojengwa Illinois hupima sawa na iliyojengwa Ujerumani. Saketi yenye njia fupi kiasi hicho pia haiokoti kelele za njiani.

Kisha iweke mezani. Tundu la umeme liko mbele. Tundu la ishara inayoingia liko mbele. Tundu la hedifoni liko mbele. Swichi mbili, taa na nobu ya sauti ziko palepale, kwenye uso wenye upana wa sentimita 8 hivi. Waya wa transfoma na wa kompyuta, ambao kwenye kifaa cha mezani ungetarajia ujifiche nyuma, unakuja upande wa mtumiaji, unakunjwa kuzunguka kasha na kurudi ulikotoka. Mkono unaotafuta nobu unapita katikati ya waya. Kasha ni jepesi, hasa lisipokuwa na betri, kwa hiyo waya mgumu wa hedifoni kubwa ukivutwa unaliburuta juu ya meza au kuligeuza lielekee ukutani.

Tundu la hedifoni ni la milimita 3.5. Hedifoni za mezani nyingi huja na plagi ya milimita 6.35, kwa hiyo unahitaji kiunganishi, na kiunganishi hicho hujitokeza mbele kama kidole, kikilemea tundu lililoshikiliwa na lehemu tu. Goti au kiti kikikigonga, uzito wote unaangukia ubao.

Kinachonisumbua zaidi ni swichi. Ya kuwasha na ya kuchagua ukuzaji ni vitufe vidogo vya kubonyeza vya aina ileile, kwenye uso uleule. Kidoleni havitofautiani. Aliyevaa iafoni nyepesi, gizani, akibonyeza kimakosa cha ukuzaji, sauti inapanda ghafla kwa desibeli 8.3. Kwenye kifaa ambacho mbunifu wake alijali masikio ya mtumiaji kiasi cha kuweka saketi ya kuzuia umeme wa moja kwa moja, pengo hili ni kubwa. Swichi ya kusukuma pembeni kwa ukuzaji, au ya umbo tofauti tu, ingelimaliza.

Nobu yenyewe ni ya potenshiometa ndogo ya Alps. Katikati ya mzunguko inafuata vizuri. Chini kabisa, upande mmoja hutangulia mwingine, na muziki unaegemea sikio moja. Ni tabia ya potenshiometa zote za aina hii, na dawa yake ni kutumia ukuzaji mdogo ili nobu ifanye kazi katikati. Hapa umbo na saketi vinakutana tena: aliyenunua toleo la 2.5 na 6.5 kwa ajili ya iafoni nyepesi ataishi kwenye ile sehemu mbaya ya nobu, hata kama vipimo vya saketi ni bora kiasi gani.

Kwa nini kasha halikurekebishwa

Mchoro wa O2 ulitolewa chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na hata kuuza, kwa sharti la kumtaja mbunifu na kutotoa toleo lililobadilishwa. NwAvGuy alikuwa na sababu nzuri. Aliona jinsi miundo ya wazi inavyoharibiwa na wauzaji wanaobadilisha kipande hiki na kile, kisha wanauza kwa jina lilelile kitu ambacho hakijapimwa. Kwa leseni yake, O2 ya mtengenezaji yeyote aliyeiheshimu ilikuwa O2 ileile.

Lakini leseni iliyolinda vipimo ilifunga pia mahali pa kila tundu, kwa sababu matundu ni sehemu ya ubao. JDS Labs ya Marekani, Epiphany Acoustics ya Uingereza na wengine waliweza kubuni paneli nzuri zaidi au kasha kubwa zaidi. Walioongeza tundu la umeme la nyuma au tundu la milimita 6.35 walilazimika kuvuta waya kwa mkono kutoka kwenye ubao, yaani kurudisha ile kazi ambayo muundo ulikusudia kuiondoa, na bei ikapanda. Mtu pekee mwenye mamlaka ya kuhamisha soketi kwenda nyuma alikuwa mbunifu.

Naye alikusudia. Alitangaza amplifaya ya pili, ODA, iliyolengwa mezani tangu mwanzo. Dekoda yake ya ODAC ilitoka mwaka 2012; ODA haikutoka. Baada ya Mei 2012 NwAvGuy aliacha kuandika, na hakuna aliyemsikia tena hadharani. Mwaka 2014 jarida la wahandisi la IEEE Spectrum lilichapisha makala kuhusu kutoweka kwake. O2 ikabaki kama alivyoiacha, ikiuzwa kwa miaka mingi kama kifaa cha mezani ilhali mwili wake ni wa kifaa cha kubeba.

JDS Labs walilitatua tatizo kwa kuanza saketi yao wenyewe. Mwaka 2018 walitoa amplifaya ya Atom kwa dola 99: tundu la milimita 6.35 na nobu kubwa mbele, umeme na ishara nyuma, na nguvu ya takriban wati 1 kwenye ohm 32. Kasha lake ni la plastiki, na wapo waliolalamika kwa hilo. Mimi nalipokea bila shida, kwa sababu fedha imeenda mahali mkono unapogusa.

Ukiikuta iliyotumika

O2 bado zinauzwa mitumba, na kwa hedifoni nyingi bado naipendekeza, hasa kwa mwenye iafoni nyepesi zinazofichua kila kelele. Iweke pembeni ya skrini badala ya mbele yako, paneli ikikutazama kwa upande, ili waya zishuke kwenye ukingo wa meza. Nunua plagi za kona kwa ishara na umeme. Chini bandika vipande vya mpira vinavyoshika meza.

Kabla ya hayo, soma maandishi ya transfoma. Iliyotoka Marekani mara nyingi imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya itaungua. Kibadilisha plagi hakibadilishi volti. Tafuta transfoma ya hapa inayotoa AC ya volti 12 hadi 18 yenye plagi ya kipimo kile kile, na uhakikishe imeandikwa AC upande wa kutoa pia. Adapta za ruta na king'amuzi karibu zote hutoa DC, na O2 haitafanya kazi ipasavyo kwazo. Ukishaiwasha, weka multimita kwenye DC na upime toleo kabla ya kuchomeka hedifoni: milivolti chache ni sawa. Zikifika makumi, izime na umpelekee fundi aangalie lehemu za chipu za mwisho.